Sauti ya koko na RAM tuliyoikimbiza

Vijana wenzetu, wa hapa Rubavu, wa Mahama, wa Kiziba, na ninyi mliovuka bahari mkafika mbali lakini bado mnatusoma. Wiki hii zamu ya kuandika imetufikia sisi wa kompyuta. Tunaandika "sisi" sababu tulikuwa wanne, na kosa tulilifanya wote wanne. Hakuna anayetaka jina lake likae peke yake hapa, na tunaona hiyo ni haki yake.

Wengi mliuliza: ile kazi ya sauti za wazee imefika wapi? Mbona mlituahidi, halafu kimya? Jibu lipo, ila ni refu kidogo. Chukueni chai.

Wenye kupita Nkamira wanajua maisha ya pale. Ni kituo cha kupita tu, si cha kukaa, hata kama wengine wamekaa. Mtu anafika, anaandikishwa, analala kwenye hangari na familia zingine, halafu siku moja jina lake linasomwa na basi linampeleka Mahama, kule Kirehe, upande wa pili wa nchi kabisa. Sisi wa kujitolea tunapanga mistari, tunabeba magodoro, tunatafsiri kwa wale wasiojua Kinyarwanda au wasiojua Kifaransa. Jioni baridi inashuka, na wazee wanaanza kusimulia. Njia za miguu kati ya Kitchanga na Mweso. Jinsi ya kutengeneza fromaji ya Masisi na kuijua imeiva kwa kuigonga na kidole. Majina ya ng'ombe. Tukaona: hawa wakipanda basi, na haya yanapanda basi pamoja nao. Tukaanza kurekodi na simu zetu. Tukafika sauti 31.

Kompyuta yetu ni moja, ya mezani, iko kwenye chumba kidogo tunachokodi Gisenyi mjini, si mbali na Petite Barrière. Tuliipewa na mtu aliyekuwa anahama. Ndani iko na prosesa ya Ryzen 3 2200G, ya mwaka 2018. Haina kadi ya picha. Picha zinatengenezwa na prosesa yenyewe. Na hapo ndipo hadithi inaanzia, sababu prosesa ya namna hiyo haina memori yake ya picha. Inakopa kwenye RAM ya kawaida. RAM ikienda polepole, kila kitu kwenye skrini kinaenda polepole, na ukikata video unaona mshale unaganda kama umekanyaga gundi.

RAM ilikuwa vipande viwili vya GB 4, DDR4, kila kimoja kina karatasi imeandikwa PC4-2400T. Namba 2400 maana yake inabadilishana data mara milioni 2400 kwa sekunde. Pesa ya kununua RAM nyingine hatukuwa nayo. Kile kidogo tunachopata kwa mwezi kinaishia kwenye sambaza, sabuni na cashpower.

Basi mmoja wetu akatazama video moja. Kijana wa huko mbali, ana taa za rangi kwenye kompyuta yake, anaingia BIOS, anabadilisha namba tatu nne, na RAM ya 2400 inakimbia 3200. Bure. Wenyewe wanaita ovakloki. Sisi tulisema kuikimbiza, na neno likabaki.

Tulifanya hivyo hivyo jioni moja. 3200, taimingi 16-18-18-38, volti 1.35. Kompyuta ikazima, ikawaka, ikazima tena, ikawaka, na Windows ikafunguka. Tulipiga makofi. Mmoja wetu alicheza mpaka jirani akagonga ukuta.

Siku tatu tulifanya kazi nayo hivyo. Ilikuwa nyepesi kweli, hatutadanganya. Brauza ilijifunga yenyewe mara mbili, tukasema ni intaneti. Picha moja ilikuwa na mstari wa kijani katikati, tukasema ni kamera. Mtu akifurahia kitu anakitafutia sababu.

Katika hizo siku tatu tulihamisha sauti zote 31 kutoka kwenye simu, tukazibana kwenye zip moja, na tukafuta kwenye simu sababu simu zilijaa. Mnaona inakoelekea.

Wiki iliyofuata tukafungua ile zip. Sauti 25 zilitoka vizuri. Sita zilikataa. Programu ikaandika kosa la CRC. Maana yake: namba ya kuhakiki iliyoandikwa wakati wa kubana haifanani na kilichomo sasa. Tulijaribu programu nyingine, tukajaribu kwenye laptopu ya jirani. Sita zile zile. Moja tuliokoa dakika nne za mwanzo. Zingine ni mchanga.

Kati ya hizo sita kulikuwa na sauti ya koko mmoja wa Masisi. Wale waliokuwa pale wanamjua, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alitusimulia saa nzima na zaidi, kuanzia kilima cha baba yake mpaka ndoa yake, majina ya mito yote aliyovuka siku anaolewa. Mjukuu wake, mwenzetu kwenye kikundi hiki, alikuwa ameomba ile sauti. Na koko alishapanda basi la Mahama.

Siku hiyo hatukula.

Sasa tueleze kilichotokea, sababu wengi mna kompyuta na wengi mtaona video kama ile.

Fikirieni mstari wa Petite Barrière asubuhi. Watu wanasogea hatua moja moja. Ukifika dirishani unatoa karatasi, afisa anatafuta jina lako, anagonga muhuri, unaenda. Kwenye RAM, ile 2400 au 3200 ni mwendo wa hatua za mstari. Taimingi ni hatua ngapi unasubiri dirishani mpaka karatasi irudi. Kumbe ukiongeza mwendo wa mstari bila kuongeza hatua za kusubiri, unampunguzia afisa muda wa kutafuta jina. Hesabu yake ni rahisi: chukua ile taimingi ya kwanza, zidisha na 2000, gawanya kwa mwendo, unapata nanosekunde. RAM yetu ilitengenezwa kwa 17 kwenye 2400, yaani nanosekunde 14 na kidogo. Sisi tukaiambia 16 kwenye 3200. Hiyo ni nanosekunde 10. Afisa yule yule, dirisha lile lile, muda umepungua karibu theluthi moja.

Hatagoma. Na ubaya wake ni huo. Angegoma, kompyuta ingezima na tungejua. Yeye anaendelea kugonga, na mara moja kwa maelfu ya maelfu anagonga karatasi ya mtu mwingine. Biti moja ya 0 inakuwa 1. Kama ile biti ilikuwa kwenye picha ya mchezo, unaona nukta ya rangi mbaya na inapita. Kama ilikuwa kwenye faili inayokwenda kwenye diski, inaandikwa hivyo, na inabaki hivyo hata ukirudisha RAM kwenye mwendo wake. RAM ya kawaida haijikagui. Zile za seva ziko na chipu za ziada za kukagua na kusahihisha, lakini si hizi zetu.

Msione biti moja ni kitu kidogo. Mwaka 2003, tarehe 18 mwezi wa 5, Ubelgiji walikuwa wanapiga kura kwa kompyuta. Pale Schaerbeek, manispaa ya Brussels, mgombea mmoja akapata kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Wakahesabu upya: zilizozidi ni 4096 kamili. Mwenye kusoma hesabu za kompyuta anaijua hiyo namba, ni 2 iliyojizidisha mara 12, yaani biti moja tu, ya 13, imegeuka. Programu ilichunguzwa, kosa halikuonekana, na maelezo yaliyobaki ni kwamba ile biti iligeuka yenyewe kwenye memori. Na ile kompyuta hakuna aliyekuwa ameikimbiza.

Baada ya hapo tungeweza kurudisha 2400 na kunyamaza. Wawili walitaka hivyo. Wawili wakasema: hapana, tumeshalipa bei ya somo, angalau tusome. Tukakubaliana kuifanya upya, kwa mkono, polepole, na kila kitu cha watu kikiwa nje ya kompyuta.

Kitu cha kwanza, tulichomoa waya wa diski. Diski yenyewe ibaki ndani ya sanduku, haidhuru, lakini waya nje. RAM inayojaribiwa isiguse faili ya mtu yeyote. Tulichukua flashi moja ya zamani tukaweka Memtest86+, ambayo ni programu ya bure inayowaka bila Windows na kazi yake ni kuandika na kusoma kila kona ya RAM, kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Ikikosea inaandika mstari mwekundu. Sheria ni kosa sifuri. Mtu akiwaambia kosa moja kwa usiku si mbaya, muulizeni kama anaweza kuchagua hilo kosa litaangukia wapi.

Tulianza kwa kurudia ile 3200, makusudi. Dakika saba. Mistari myekundu ikajaa skrini. Tulikaa tunaitazama bila kusema. Siku tatu tulifanya kazi juu ya kitu hicho.

Kabla ya kubadilisha tena, tulipiga picha kwa simu kila ukurasa wa BIOS jinsi ulivyokuwa. Hii inaonekana kama kazi ya mwoga, lakini usiku saa tano, ukiwa umebadilisha namba nane, hukumbuki ya kwanza ilikuwa ngapi.

Na mjue jinsi ya kurudi. Sisi tulijua kwa kuogopa. Mmoja wetu (tulikubaliana hatumtaji) aliona tumechelewa akaweka 3466 kwa udadisi. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini nyeusi. Tukazima, tukawasha. Nyeusi. Tukangoja, tukaomba, nyeusi. Tulijua tumeua kompyuta ya kikundi. Asubuhi tukaibeba kwa moto, mmoja ameikumbatia mbele kama mtoto, mpaka kwa fundi mmoja wa simu karibu na soko. Hakuuliza hata swali. Akachomoa waya wa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe, akatoa betri ndogo ya duara, CR2032, ile kama sarafu. Akawasha sigara nje, akarudi, akarudisha betri. Kompyuta ikawaka, imesahau yote, 2400. Akatuambia, "Hiyo betri njo kumbukumbu ya ujinga wenu." Hakuchukua pesa. Baadaye tuliona kwenye madabodi kuna pini mbili zimeandikwa CLR CMOS. Ukizigusanisha na bisibisi wakati umeme umechomolewa inafanya kazi ile ile. Zitafuteni zenu kabla ya kuanza, si baada.

Ukiingiza mkono ndani ya sanduku, gusa kwanza chuma cha sanduku. Umeme ule wa nguo za sufu, unaoruka kidoleni, wewe unausikia kama mbu. Chipu ya RAM inaweza kufa nao.

Kuhusu volti tulikuwa waoga na tunabaki waoga. DDR4 ya kawaida inakula volti 1.2. Zile zinazouzwa tayari kwa mbio mara nyingi zinakula 1.35, na viwanda vyenyewe vinaandika hivyo kwenye profaili ya XMP, ambayo ni kama karatasi ya maelekezo iliyo ndani ya kipande. Ukiiwasha, madabodi inajiwekea mwendo na taimingi zilizopimwa kiwandani. Kama RAM yenu iko na XMP, washeni hiyo, mpime, mwende kulala. Yetu haikuwa nayo. Tuliweka 1.35 na hatukupita hapo, sababu vipande vyetu viko uchi, havina hata bati la kupoza. Kuna video zinasema 1.5 kwa DDR4. 1.5 ni volti ya DDR3. Kwenye Ryzen kuna volti nyingine inaitwa SoC, inayolisha ile sehemu ya prosesa inayoongea na RAM; tuliiweka 1.1 kwa mkono. Ukiiacha kwenye Auto, madabodi zingine zinaipandisha bila kukuuliza.

Halafu tukapanda ngazi moja moja. Kwanza mwendo, taimingi tukaziacha zimelegea, yaani namba kubwa kidogo, 18 badala ya 17. 2666, mzunguko mmoja wa Memtest, safi. 2800, safi. 2933, mzunguko wa kwanza safi, tukafurahi. Lakini usiku tukaiacha iendelee, na mzunguko wa tatu kulikuwa na mstari mmoja mwekundu. Mmoja tu, saa tisa ya usiku, hakuna aliyekuwa macho kuuona. Kama tungesimamisha baada ya mzunguko wa kwanza tungesema 2933 ni salama, na tungeharibu faili nyingine baada ya mwezi bila kujua zinatoka wapi.

Tukashuka 2800, tukaiacha saa 12. Safi. Tukashuka tena ngazi moja, 2666, na hapo ndipo tukaanza kukaza taimingi, moja kwa wakati, kipimo kila baada ya moja. Ile ya kwanza ilikubali 16. Ya pili ilikataa 15. Tukaacha. Kwa nini tulishuka chini ya ile iliyofaulu? Sababu tulipima wiki ya mvua, na chumba chetu wiki ya jua ni kitu kingine. RAM ikipata joto inakuwa dhaifu. Kinachopita mtihani kwa kubanwa leo, kesho kinaanguka.

Kazi hii ilituchukua karibu wiki mbili, maana kompyuta usiku tu ndiyo ilikuwa huru, na umeme ulikatika mara mbili kipimo kikiwa katikati. Umeme kukatika wakati wa Memtest si kitu, unaanza tena. Lakini wale wanaotaka kuweka BIOS mpya, hiyo ni kitu tofauti kabisa: umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, betri ya CR2032 haitakusaidia. Msifanye hiyo siku taa zinayumba.

Sasa tufike pale panapouma zaidi.

Katika kusoma karatasi ya madabodi, dada yetu wa kamera, ambaye hakuwa hata na hamu ya hayo mambo, akauliza: kwa nini nafasi za RAM ziko na rangi mbili? Tukamwambia ni mapambo. Akasoma. Madabodi yetu ina nafasi nne, na vipande viwili vinatakiwa kukaa cha pili na cha nne kutoka kwenye prosesa. Hapo prosesa inavisoma vyote viwili kwa wakati mmoja, kama barabara mbili. Vyetu vilikuwa cha kwanza na cha pili. Barabara moja, wanapita kwa kupokezana.

Fanyeni hesabu nasi. Kila mbadilishano mmoja unabeba baiti 8. 2400 mara 8 ni 19,200, yaani megabaiti 19,200 kwa sekunde. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Tulipoikimbiza mpaka 3200 tukapata 25,600, na tukapoteza sauti sita. Kuhamisha kipande kimoja, sentimita mbili, bila kugusa namba yoyote ya BIOS: 38,400.

Alikihamisha yeye mwenyewe. Ilichukua dakika tatu pamoja na kufungua skrubu. Video iliyokuwa inaganda, haikuganda tena. Hakucheka, na tungependa angecheka.

Na ile 2666 yetu ya wiki mbili? Juu ya barabara mbili, video moja tuliyokuwa tunaipimia ilitoka dakika 22 ikawa 20. Dakika mbili.

Tulipiga kura. Watatu walisema kompyuta inayobeba vitu vya watu ikae 2400. Mmoja alisema 2666 imepimwa, ni salama, na wiki mbili zetu je? Ana haki, imepimwa kweli. Iko 2400.

Wale wa laptopu: zenu karibu zote hazina huo ukurasa kwenye BIOS, msisumbuke kuutafuta. Wale wa zile za mezani za ofisi, za mitumba, vilevile. Na wenye madabodi za Intel za herufi H au B za kabla ya mwaka 2021, nyingi hazikubali RAM kupita mwendo ambao prosesa inaruhusu, ilikuwa ni kwa zile za Z tu. Wote lakini mnaweza kufungua sanduku na kuangalia rangi za nafasi.

Siku hizi sauti ikitoka kwenye simu, tunaipigia sha256 kule inakotoka na kule inakofika, ile namba ndefu kama alama ya kidole. Zikifanana, ndiyo. Na hatufuti kwenye simu mpaka nakala ya pili iwe kwenye flashi ya mtu mwingine, nyumba nyingine. Hii tungefanya hata kama RAM isingeguswa.

Sauti sita: tatu wenyewe bado wako hapa, tuliwaomba, wakarudia, mmoja kwa hasira kidogo. Wawili hatujawapata, namba zao haziiti. Kama kuna anayewajua wale wazee wawili wa Rutshuru waliokuwa wanakaa hangari karibu na mabomba, mwezi wa kwanza, atuandikie pembeni.

Koko tulimpata. Mjukuu wake alitupa namba ya jirani yake kule Mahama. Tulipanga wote wanne kuongea, tukaogopa wote wanne, mwisho dada wa kamera akashika simu. Akamweleza. RAM hakuitaja, alisema tu: koko, maneno yako tuliyaharibu, kosa ni letu, tunaomba radhi. Kukawa kimya mpaka tukadhani netiweki imekatika.

"Yale ya ndoa?"

"Ndiyo koko."

"Na mito?"

"Yote, koko."

Tulimsikia anaongea na mtu pembeni kwa Kinyarwanda, anamwambia asogeze kiti. Akarudi.

"Yale nilishasema, mutoto wangu. Siyarudie. Lakini kuko ya mama yangu, hayo hamkuniuliza. Simu iko na umeme?"

Ilikuwa na asilimia 60. Mmoja wetu alikimbia kutafuta chaja, mwingine alikuwa ameshabonyeza kurekodi.

Iko na dakika 48. Mjukuu wake amepata nakala, na amekubali tuiweke hapa Jumapili.